Niligonga, Sikusikia

Saa mbili asubuhi jua la Bunda limekwisha kuanza kuuma. Katika uwanja wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya pamba, kata ya Manyamanyama, Lameck Wanzagi anashusha miwani myeusi kutoka kwenye paji la uso, anafungua mtungi wa gesi na kuwasha. Moto unatoka wa njano, unatapatapa. Anaikaza vali ya tochi ya kukatia kwa vidole viwili mpaka unakuwa bluu, mwembamba, umetulia.

Mbele yake limelala boila. Ni pipa la chuma lenye urefu wa hatua kumi, tumbo lake limevimba, mgongo wake umeliwa na kutu. Kwa miaka ishirini na miwili Lameck amelilisha maganda ya mbegu za pamba, amelinywesha maji, amelikwangua masizi. Wiki hii analikata vipande.

Wapakiaji wa lori la chuma chakavu wangependa aanzie mbele, upande wa geti, ili wasibebe mbali. Mmoja anamwita mara tatu. Mzee hageuki. Anazunguka hadi nyuma, anapiga goti moja chini na kuugusisha moto kwenye chuma.

"Huwezi kuanzia usoni," anamwambia mwandishi wa habari hii baadaye, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. "Nilifundishwa hivyo Tabora."

Ana miaka sabini na moja. Anayetaka kuongea naye sharti asimame mbele yake na kufungua mdomo vizuri. Mkewe, Dorotea, anapomletea uji saa nne, haongei kwanza. Anamgusa bega.

Septemba mwaka jana, siku ya Jumanne, mrija mmoja ndani ya boila hilo ulipasuka. Mvuke ulirudi na moto kupitia mlango wa tanuru, ukamkuta Jilala, mwenzake wa zamu kwa miaka kumi na moja, ameshika koleo la maganda. Jilala alikaa hospitali siku tisa. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Lameck hakuwepo kiwandani siku hiyo. Hilo kila mtu wa Manyamanyama analijua. Jambo jingine alilibeba peke yake miezi minane.

*

Alizaliwa Butiama mwaka 1954, mtoto wa nne wa mfugaji. Mkoa wa Mara haukuwa na reli wakati ule, na hauna mpaka leo. Mara ya kwanza kuliona garimoshi alikuwa na miaka ishirini, baada ya mjomba wake kumpandisha meli Musoma hadi Mwanza, na kutoka hapo kwenda Tabora kutafutiwa kazi.

"Nilisikia kwanza, ndio nikaona," anasema. "Ardhi ilikuwa inatetemeka. Nilifikiri ni ng'ombe wameswagwa na wezi."

Reli wakati huo ilikuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Alipewa ndoo ya mafuta ya taa na matambara, akaambiwa afute injini. Alifuta miaka mitatu. Injini alizozifuta, na baadaye kuzichochea moto, zilikuwa za daraja la thelathini na moja.

Ukimwacha azungumzie injini hizo, mgongo wake unanyooka. Anachukua msumari na kuchora kwenye vumbi la uwanja: gurudumu, gurudumu, gurudumu.

"Reli za matawi zilikuwaga nyembamba," anaeleza. "Ile ya kwenda Mpanda, kwa mfano. Ukipandisha injini nzito, reli inapinda. Sasa Wazungu wakakaa chini wakajiuliza, tutapataje mnyama mwenye nguvu za fahali lakini mguu wa mbuzi?"

Jibu lao lilikuwa kuugawa uzito. Magurudumu mawili madogo mbele, ya kutafuta njia kwenye kona. Manane makubwa katikati, ya kuvuta. Manne nyuma, ya kubeba tanuru, maana tanuru lilikuwa pana na zito. Kwa mpangilio huo hakuna ekseli iliyokandamiza reli kwa tani kumi na mbili kamili. Ziliundwa Uingereza katikati ya miaka ya hamsini, arobaini na sita kwa jumla.

Hazikula makaa ya mawe. Zilichoma mafuta mazito, meusi kama lami, yakipulizwa ndani ya tanuru na mvuke wa injini yenyewe. Kazi ya mchochea moto ilikuwa kulinda vitu vitatu kwa wakati mmoja: rangi ya moshi, mshale wa geji na maji kwenye kioo.

"Masizi yakijaa kwenye mirija, unachota mchanga kwa kikoleo, unautupia kwenye tundu la mlango. Ule mvuto wa moto unaubeba, unakwangua mirija yote mpaka mwisho. Moshi unaotoka hapo! Mama mwenye nguo kambani anakulaani mpaka babu yako."

Anacheka kidogo, peke yake. Kisha anaongeza jambo ambalo kwa maoni yake ndilo lililoonyesha akili ya waliozibuni. Magurudumu ya injini hizo yalikadiriwa yaweze kusogezwa yakae kwenye reli pana zaidi za nchi za kusini, siku zitakapounganishwa na zetu.

"Walizitengenezea mpaka reli ambayo haijajengwa. Kwa zile injini, hiyo siku haikufika."

Kila injini ya daraja hilo ilibeba ubavuni kibao cha shaba chenye jina la kabila moja la Afrika Mashariki. Wafutaji walishindana kutafuta makabila yao. Lameck alitafuta Wazanaki kwenye kila injini iliyoingia karakana ya Tabora, hakuwaona. Dereva wake, Mzee Mhoja, Msukuma mnene asiyecheka ovyo, alimwambia, "Kwenu reli haijafika, jina lingefikaje?"

Ni Mhoja aliyemfundisha nyundo. Ilikuwa nyundo ndogo, kichwa chake hakizidi yai la kuku. Injini ikipoa, mchochea moto aliingia kinyumenyume ndani ya tanuru na taa, akagonga kichwa cha kila mrija, akasikiliza.

"Chuma kizima kinajibu kama kengele," anasema Lameck. "Chuma kilichokufa kinajibu kama debe lenye udongo. Mzee Mhoja alikuwaga ananiambia, macho yatakudanganya, kutu inajificha. Wewe mwamini sikio."

*

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, wiki chache baada ya Lameck kupandishwa kuwa mchochea moto kamili. Vipuri vilivyokuwa vikitoka Nairobi vikakoma. Injini moja ikawa inavuliwa chuma ili nyingine itembee. Za dizeli zikachukua safari ndefu, za mvuke zikabaki kusukuma mabehewa kituoni, kisha hata kazi hiyo zikanyang'anywa. Zikasimamishwa kwenye reli ya pembeni, nyasi zikaota kati ya magurudumu.

Alikuwa amebakiza mtihani mmoja ili awe dereva. Hakuufanya kamwe, hapakuwa tena na injini ya kuufanyia.

Mwaka 1989 bosi wa karakana alimwita. Injini nne zilikuwa zimeuzwa kama chuma chakavu, na aliyenunua alitaka mtu anayejua viungo vyake. "Wewe unazijua," aliambiwa, "wewe utakata haraka."

Ya tatu ilikuwa ile aliyoichochea moto miaka sita. Kibao cha shaba kilikuwa kimekwisha kung'olewa na watu wasiojulikana, yakabaki matundu manne ya skrubu. Siku aliyoanza kuikata, Mhoja, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alikuja amevaa koti lake la kazi. Alikaa juu ya taruma la reli mpaka saa sita.

"Umeanzia wapi?" aliuliza mwishowe.

"Nyuma, mzee."

"Vizuri. Usianzie usoni."

Akaondoka. Hawakuonana tena. Lameck anasema siku hiyo aliapa kwamba hatakata tena kitu kilichowahi kupumua.

Aliporudi Mara alichomelea mageti mjini Musoma, akajaribu dagaa kule Murangi, ziwa likamkataa. Mwaka 2002 akasikia kwamba kule Bunda mfanyabiashara mmoja ana boila kuukuu na hana mtu wa kuliwasha. Aliwasili na kifurushi cha nguo na nyundo yake ndogo. Aliajiriwa siku ile ile. Mpaka mwaka jana mshahara wake ulikuwa shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi, na kwa mshahara huo amesomesha watoto watano.

"Boila ni injini isiyotembea," anasema. "Moshi unapita ndani ya mirija, maji yanazunguka nje. Ni ile ile. Nilipoliwasha mara ya kwanza nililia kama mtoto."

Kwa muda mrefu alikuwa na furaha, kama anavyosema mwenyewe, ya mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Kilichoanza kuharibika si boila. Ni masikio.

Miaka ya mvuke, mashine za kukamua na tochi za kukatia ilikuwa imelipwa kidogo kidogo kwa masikio hayo. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege, simu, mjukuu akiita. Halafu akaacha kusikia vali ya usalama ikianza kunong'ona kabla ya kufoka. Mtu wa boila asiyesikia vali ni kama mlinzi asiyeona gizani. Lameck alilijua hilo kuliko yeyote, na hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo. Alijifunza kucheka wengine wanapocheka.

Mtu mmoja aligundua bila kuambiwa. Jilala alianza kusimama karibu naye zaidi. Vali ilipoanza kuimba, alimgusa kiwiko. Mwenye kiwanda alipoita kutoka ofisini, Jilala aligeuka kwanza, na mzee akageuka baada yake.

"Hatukuwahi kulizungumza," Lameck anasema. "Miaka minne. Hata siku moja hakunitania."

*

Jumamosi moja ya Septemba mrija mmoja ulianza kuvuja. Boila likapozwa. Lameck aliingia kifudifudi ndani ya tanuru, akauziba mrija huo pande mbili kwa vizibo vya chuma, kama walivyofanya Tabora ili treni imalize safari. Ilikuwa katikati ya msimu, malori ya mbegu yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani.

Baada ya kuziba, desturi ni kugonga mirija ya jirani. Mrija mmoja ukifa, mara nyingi haufi peke yake.

Alipotoka, amejaa masizi, walikuwepo wawili wanamsubiri: Jilala na Bi Faudhia, binti wa marehemu mwenye kiwanda, ambaye ndiye aliyekuwa akikiendesha.

"Umegonga, baba?" Faudhia aliuliza.

"Nimegonga."

"Inasemaje?"

"Nzima. Itashika mpaka mwisho wa msimu."

Lameck anakumbuka Jilala alimtazama mara moja, kisha akainama kuokota koleo.

Jumatatu ikapita salama. Jioni yake zikafika Manyamanyama habari ambazo Lameck alikuwa amezisubiri nusu ya maisha yake. Watu walisema kesho yake wapimaji wa reli wangekutana na wananchi Musoma mjini, na wazee waliowahi kufanya kazi relini wanatakiwa wajitokeze. Reli ya kufika Musoma imetajwa tangu Lameck akiwa kijana. Safari hii, watu waliapa, ni kweli.

"Nenda, mzee," Jilala alimwambia. "Nitashika zamu zote mbili. Ukipata kazi huko usinisahau."

Dorotea alimpigia pasi shati jeupe. Lameck alitia cheti chake cha reli kwenye bahasha, akapanda gari la asubuhi. Mkutano aliukuta kweli, kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Ulikuwa wa mitaro ya maji ya mvua. Alikaa mpaka mwisho akidhani labda hasikii vizuri, labda reli itatajwa. Mwanamke mmoja aliyekaa jirani, alipomwonyesha cheti chake, alimwambia kwa huruma, "Baba, hapa ni mitaro."

Alifika Bunda saa tisa. Watu walikuwa wamejaa getini. Alimuona Faudhia ameketi chini, hana ushungi, viatu vyake vimeloa maji ya moto yaliyopoa.

*

Jilala alizikwa kwao, mbali na Bunda. Ukaguzi ulifanyika, karatasi zikaandikwa. Mwisho wa taarifa, mbele ya neno *chanzo*, iliandikwa: *hakikujulikana*. Aliyeulizwa kuhusu matengenezo ya Jumamosi alikuwa Lameck. Alijibu kwamba aliziba na aligonga. Vyote viwili ni kweli.

"Niligonga," anasema sasa, akimtazama mwandishi usoni. "Niligonga mirija yote ya jirani. Sikusikia kengele, sikusikia debe. Sikusikia kitu. Nikatoka nikasema nimesikia."

Kiwanda kilifungwa. Faudhia aliuza mashine za kukamua. Boila likabaki uwanjani na bomba lake la moshi, refu kuliko nyumba zote za mtaa ule.

Mwezi wa nne mwaka huu, Rhobi, mjane wa Jilala, alikwenda nyumbani kwa Lameck. Anaishi na watoto watatu ng'ambo ya barabara ya kiwanda, anauza mandazi na maharage. Tangu msiba alikuwa hajavuka mlango wa mzee.

Dorotea alimkaribisha, akamtengea kiti. Rhobi hakukaa.

"Mzee," alisema, akihakikisha anamwona mdomo, "nikifungua dirisha asubuhi naliona lile bomba. Nikifunga mlango jioni naliona. Nimeambiwa wewe ndio unajua kulikata. Naomba ulitoe."

Lameck hakumweleza kuhusu kiapo cha Tabora. Kesho yake alikwenda kwa Faudhia, ambaye tayari alikuwa na mkataji kutoka Mwanza, akamwomba ile kazi.

"Nilimwambia, baba, una miaka sabini na moja, moto huu sio wako tena," Faudhia anakumbuka. "Akasema, sio moto wangu, lakini ni deni langu. Nikamwachia. Baba yangu asingemkatalia."

Bomba la moshi lilishuka siku ya kwanza. Lilipogonga chini, Rhobi alikuwa dirishani. Alifunga dirisha bila haraka.

*

Siku ya nne ya kukata, Lameck anafika kwenye mirija. Anawaomba wapakiaji waende kunywa chai. Anauondoa moto, anasubiri chuma kipoe, kisha anaingiza mkono na kutafuta, mrija kwa mrija, kama mtu anayetafuta mtoto kwenye kitanda chenye watoto wengi.

Anaupata. Upo mkono wa kushoto wa ule aliouziba. Umefunguka urefu wa kiganja, kingo zake zimegeukia ndani. Anaukata juu na chini, anautoa kwenye mwanga.

Chuma kilichotakiwa kuwa kinene kama sarafu mbili kimekwisha, kimekuwa kama bati la kopo. Lameck anakibonyeza kwa kidole gumba. Kinabonyea.

Anatoa mwingine wa pembeni. Nao unabonyea. Wa tatu, vilevile.

"Yote," anasema. "Yote ilikuwa imekufa."

Mpakiaji mmoja aliyerudi mapema anamfariji. Anamwambia basi isingesaidia, boila lenyewe lilikuwa limeoza, lingeua siku yoyote. Mzee anausoma mdomo wake mpaka mwisho, kisha anatikisa kichwa.

"Mtu yeyote mwenye masikio angegonga hapa angekimbia. Hata mtoto angejua. Tungelifunga Jumamosi ile ile, na Jilala angekuwa anachoma mahindi na watoto wake."

Anaketi juu ya kipande cha ubavu wa boila. Siku hiyo hakati tena.

Jioni, jua bado lipo, anavuka barabara na ule mrija umefungwa kwenye gunia. Rhobi anapepeta maharage mlangoni. Watoto hawapo, wamekwenda dukani. Lameck hakai, hajui aanzie wapi, anaufunua mrija na kumwonyesha.

"Mama Anastazia, ni huu. Na mimi nilisema ni mzima. Masikio yangu yamekufa siku nyingi. Nilificha, nilijua wataniachisha kazi. Sikumwambia mtu."

Rhobi anaendelea kupepeta. Anaitoa takataka moja, anaitupa. Kisha anauweka ungo chini na kumtazama.

"Nilijua."

Lameck anadhani hakusoma vizuri. Anainama.

"Nilijua, mzee," Rhobi anarudia polepole. "Alikuwaga ananiambia. Alikuwaga anasema, mzee hasikii, mimi ndio masikio yake. Nikamwambia kawaambie wakubwa. Akasema, nikisema watamfukuza mzee, na aliyenifundisha kazi ni yeye. Walipokuja wale wa ukaguzi waliniuliza kama kuna kitu najua. Nilinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza."

"Nisamehe, mwanangu."

"Hilo usiniombe leo." Sauti yake haipandi. "Kila asubuhi nakasirika na wewe, halafu nakasirika na yeye, halafu nakasirika na mimi. Sijui nianze kumsamehe nani. Mimi sitasema kwa mtu. Ukitaka isemwe, isemwe na wewe."

Anauinua ungo. Mazungumzo yamekwisha. Lameck anaufunga mrija kwenye gunia, anavuka barabara, gari moja linampigia honi kwa nyuma na yeye hageuki.

*

Dorotea hataki aende.

"Baba Abraham, karatasi zimefungwa," anamwambia mumewe mezani, ugali umepoa. "Ukienda kuzifungua watakufunga wewe. Jilala atarudi? Una presha, una magoti, utalala sakafu ya mahabusu?"

"Imeandikwa chanzo hakikujulikana."

"Basi si kimejulikana? Mungu anajua, Rhobi anajua, mimi najua."

"Yapo maboila mengine, mama. Yapo ya mafuta, yapo ya sabuni, yamekaliwa na wazee kama mimi. Wakisoma hakikujulikana watasema ni bahati mbaya. Wataendelea kugonga."

Dorotea anaondoa sahani. Anasimama na mgongo ukiwa kwake, anasema neno ambalo mzee hakuweza kuliona. Mwandishi alilisikia. Alisema, "Na mimi nani atanizika?"

Kazi ya kukata inamalizika Ijumaa. Uso wa boila, ule mlango wa tanuru wenye bawaba mbili, unaingia kwenye lori mwisho kabisa. Wapakiaji wanafunga kamba. Mahali boila lilipolala miaka yote limebaki doa refu jeusi, hakuna jani linaloota. Faudhia amekwisha kusema kiwanja atakiuza. Hatajenga kitu hapo yeye.

Jumatatu saa tatu asubuhi Lameck yuko Musoma, kwenye korido ya ofisi inayosimamia usalama kazini. Amevaa lile shati jeupe alilovaa siku ya mitaro. Anasema hana jingine. Gunia liko katikati ya miguu yake. Mhudumu wa mapokezi, binti mwenye kitambulisho shingoni, anasema kitu huku macho yake yako kwenye kompyuta.

"Binti yangu, inua uso na uongee kwa nguvu," Lameck anamwambia. "Mimi ni kiziwi."

Watu wawili waliokaa kwenye benchi wanageuka. Binti anainua uso.

"Nimesema umekuja kwa shida gani, babu?"

"Kuhusu kifo."

"Pole sana. Ni ndugu yako?"

Foleni nyuma yake inasogea.

"Mwenzangu wa zamu."

Binti anamwandika. Kisha anamweleza, taratibu na kwa ishara za mkono, kwamba afisa anayehusika yuko safarini wilayani, atarudi Alhamisi. Taarifa yenyewe ni ya mwaka jana, ilishafungwa. Kuifungua kuna utaratibu, aandike barua, aambatanishe vielelezo. Hilo gunia hawezi kuliacha hapa.

Nauli ya kutoka Bunda na kurudi ni nusu ya alichobakiza mfukoni. Anaulizwa na mwandishi kama ana ndugu mjini wa kulala kwake mpaka Alhamisi. Anasema wapo, lakini hataki kuwaeleza kilichomo kwenye gunia kabla hajaeleza ofisini.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, anaomba karatasi na kalamu. Anataka barua aiandike sasa hivi, kabla hajapanda gari, kwa sababu hajiamini akifika nyumbani Dorotea akilia. Mkono wake ni wa shule ya zamani, herufi kubwa zilizoegemea kulia. Anaandika jina lake, tarehe, na chini yake: *Mimi ndiye niliyesema mirija ni mizima.*

Anaulizwa anatarajia nini. Watu wa umri wake hupenda kuzungumzia shamba, wajukuu, ng'ombe wawili watatu.

"Ng'ombe sina," anasema. "Kwa Rhobi sitarajii kitu, na ana haki. Kwa serikali sijui, watanifunga au wataniambia nirudi nyumbani, na sijui kipi kibaya zaidi. Mimi nataka pale penye neno chanzo wafute hilo waliloandika, waandike jina langu. Nikifa kabla, barua hii itakuwa hapo."

Anaikunja mara mbili, anaitia mfuko wa shati.

"Alhamisi nitakuja," anasema. "Wakisema Alhamisi nyingine, nitakuja hiyo nyingine."